Usisubiri Ghalani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unauliza kama Aflasafe, ile dawa ya kuzuia sumukuvu kwenye mahindi, inaweza kunyunyizwa ghalani baada ya kuvuna. Hapana, dada. Ghalani umeshachelewa.

Sumukuvu huanzia shambani. Kuvu inayoitoa, Aspergillus flavus, huishi udongoni, na joto na ukame vikiyakuta mahindi yanatoa ndevu, ndipo inapopanda hadi kwenye gunzi. Punje inaweza kuonekana safi kabisa na ina sumu, na kupika hakuimalizi. Unakumbuka mashariki mwa Kenya mwaka 2004: watu 317 waliugua, 125 wakafa.

Bahati nzuri, si kila Aspergillus flavus ina sumu. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, na wenzao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walizitafuta zisizoweza kuitengeneza, wakachagua aina nne za kienyeji na kuzipaka juu ya punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote. Unazimwaga shambani kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kuchanua. Udongo uwe na unyevunyevu. Siku chache baadaye inama uchungulie chini ya majani: punje zimevaa vumbi la kijani. Hilo vumbi ndilo dawa yenyewe. Linapeperuka, linatua kwenye mimea, na yenye sumu ikifika inakuta nafasi imejaa, kama abiria aliyechelewa basi.

Kwa hiyo maliza palizi kwanza. Ukipalilia baada ya kumwaga, unazifukia. Ukimwaga kwenye ardhi kavu, zitakaa tu pale, ndege na sisimizi wajilie.

Halafu usije ukanilaumu ukiona ukungu kwenye gunzi moja moja. Aflasafe haiui kuvu, inabadilisha tu ni kuvu gani inayokaa pale. Na Fusarium, ile kuvu ya rangi ya waridi inayotoa sumu nyingine iitwayo fumonisini, haiigusi kabisa. Wauzaji wengine hawalisemi hili, nao wakulima wanaona wametapeliwa.

Kukausha bado kuko palepale, hadi unyevu ufike asilimia 13, na usianike juu ya udongo mtupu.

Niandikie ulipanda tarehe ngapi na mbegu gani, tuhesabu pamoja siku ya kumwaga. Kama mbelewele zimeshatoka, weka hela yako hadi msimu ujao.

Wako,
Zawadi