Risala ya Wazazi Wasemao Kiswahili wa Tyneside kwa Mgeni Rasmi, Tynemouth

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, wazazi na watoto wapendwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Tynemouth, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, kwenye magofu ya makao ya kale ya watawa, na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Historia ya makao haya ya watawa ni ndefu, nasi tutaigusa tu. Hapa juu ya jabali ndipo alipozikwa Oswin, mfalme wa Deira, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza, aliyeuawa mwaka 651. Baadaye Wavikingi walikuja kwa merikebu wakayaharibu makao, watawa Wabenediktini wa abasia ya St Albans wakayafufua mwishoni mwa karne ya 11, na mwaka 1539 Mfalme Henry VIII akayafunga. Yaliyosalia ni lango la ngome, ukuta wa mashariki wa kanisa wenye madirisha marefu membamba, na kikanisa cha karne ya 15 cha Percy, ukoo wa makabaila, ambacho dari lake la mawe lingali zima.

Kikundi chetu kimepata mafanikio makubwa: watoto wetu humwongoza mgeni kwa Kiswahili fasaha kutoka langoni hadi kikanisani, na tumekwisha kuandika kijitabu kamili cha maelezo ya magofu haya.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja tu, nayo ni kukichapisha kijitabu hicho. Hivi sasa tunatumia karatasi za fotokopi, ambazo manyunyu ya Bahari ya Kaskazini huzilowesha hata wino ukatapakaa, na ukurasa wa kikanisa umechanika kabisa kwa kugombewa na watoto wanaoinua shingo kuzitafuta nakshi za darini. Mama zetu wasiosoma Kiingereza hubaki wakitazama mawe bila kujua ni ya nani.

Tunawashukuru kwa dhati wageni rasmi waliokutangulia. Mmoja aliahidi gharama yote na kuagiza makadirio. Tuliyapeleka, tukakumbushia kwa barua, na jibu tunalingoja hadi leo. Mwingine aliahidi nusu, akapigiwa makofi mengi, na makofi ndiyo tuliyobaki nayo. Tunayasema haya si kwa kulaumu, bali ili ufahamu kwamba mswada umehakikiwa, makadirio mapya yamo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa na Katibu, na hakuna kinachokosekana isipokuwa fedha.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, kabla hujaondoka, ututajie tarehe mbele ya watoto hawa.

Tunaomba kuwasilisha.