Walimu watarajiwa waulizwe pia hali ya nafsi zao

Mhariri,

Mwanachuo wa ualimu anapokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha hukaguliwa azimio la kazi, andalio la somo na namna anavyolimudu darasa. Naviomba vyuo vikuu vyetu vimpime pia ustawi wa nafsi yake. Kipimo cha mwanasaikolojia Mmarekani Ed Diener na wenzake kina kauli 8 tu, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 7, na hugusa maisha yenye maana, mahusiano yanayomtegemeza mtu na matumaini yake ya kesho. Kijazwe kabla na baada ya mazoezi hayo, kwa Kiswahili kilichojaribiwa kwanza kwa wanachuo wenyewe, majibu yakibaki siri ya mshauri nasaha, wala yasitumike kamwe kumnyima mtu cheti. Mwenye jumla ya alama iliyo karibu na 8, ya chini kabisa, kuliko 56, ya juu kabisa, aitwe mapema, kabla hajakabidhiwa darasa lililofurika.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro