Wajina, kifunge kwanza hicho kitabu cha skeli

Dar es Salaam
Jumapili usiku

Kwako wajina wangu,

Salaam nyingi. Huku sisi wazima, joto tu ndilo linatuadhibu. Umeme umekatika tangu magharibi, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukujibu kwa kirefu badala ya kukutumia vile visauti vya kwenye simu. Natumai shemeji na watoto hawajambo, na hapo Tanga bendi yenu bado inapiga kila Ijumaa.

Unasema umepata kitabu cha jazi kilichojaa skeli, zile ngazi za noti, mwanzo mwisho, umezipiga moja baada ya nyingine, vidole sasa vinakimbia, lakini ukiwekewa wimbo huna la kusema. Basi kifunge kwanza. Si kibaya, siku moja utakifungua mwenyewe kwa hamu. Ila kinafaa kwa mtu ambaye tayari anasikia kitu kichwani na anatafuta pa kukiweka kwenye gitaa. Wewe bado hujafika huko, na skeli hazitakufikisha.

Sisi tumekulia kwenye bendi zilizojiita Jazz: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Muziki wao ni dansi, na jazi ya Wamarekani ni jambo jingine. Lakini usidhani unaanza sifuri. Wimbo ukifika kwenye chemko, kodi tatu nne, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, zinazunguka na wewe mpiga solo unasokota juu yake mpaka wachezaji waloe jasho. Huko ni kubuni papo hapo, tena kwa miaka. Kinachokushinda kwenye jazi ni urefu wa mzunguko. Katika dansi mzunguko ni mfupi, hata ukipotea unarudi nyumbani kabla mtu hajagundua. Katika jazi mzunguko ni wa vipimo 12, au 32, kila kipimo mapigo manne, na kodi zinabadilika njiani. Ukipotea umepotea kweli, na ukumbi mzima unakuona. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayejifunza si kupata noti nzuri. Ni kujua uko wapi.

Tafuta wimbo wa Miles Davis unaoitwa "Freddie Freeloader". Umo kwenye Kind of Blue, albamu iliyorekodiwa New York mwaka 1959, kwa siku mbili tu, moja ya Machi na moja ya Aprili. Ni bluzi, ule mzunguko wa vipimo 12, na nyumbani kwake ni B-flati. Wanapiga melodia kwanza, kisha solo zinapokezana: Wynton Kelly kwenye piano, Miles na tarumbeta lake, John Coltrane na Cannonball Adderley kwa saksofoni, halafu Paul Chambers kwenye besi. Mwisho melodia inarudi. Nyimbo nyingi mno za jazi zimejengwa hivyo hivyo: melodia, solo juu ya kodi zile zile za melodia, melodia tena. Anayepiga solo hatungi wimbo mpya hewani. Anaendelea kuuzunguka ule ule.

Usiguse gitaa. Kaa na wimbo huo uhesabu: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, hadi ufike 12, kisha anza upya. Fuata besi ya Chambers. Ukiweza kumfuata Coltrane katika mizunguko yake yote na bado ukajua ni wapi amerudi kwenye kipimo cha kwanza, umepata kitu ambacho watu wenye skeli zote kichwani hawana. Angalizo moja: vipimo viwili vya mwisho havirudi kwenye B-flati kama bluzi za kawaida, vinakwenda A-flati. Usije ukafikiri umehesabu vibaya.

Baada ya hapo ndipo tuchukue gitaa. Hamia kwenye bluzi ya F, ambayo ndiyo utakayokutana nayo kila mahali. Vipimo vinne vya kwanza ni F7, viwili B-flati 7, viwili F7, kimoja C7, kimoja B-flati 7, viwili F7. Kuna namna nyingi za kuipamba na wapiga piano hawakosi kuipamba, lakini hiyo inatosha kuanzia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kwenye utamu wenyewe. Katika kodi ya F7, noti zinazoipa sura yake ni mbili: ya tatu ukihesabu kutoka F, yaani A, na ya saba, yaani E-flati. F yenyewe besi anayo, C haiongezi habari. Katika B-flati 7, noti hizo ni D na A-flati. Ziweke kwenye nyuzi mbili za gitaa uone kinachotokea unapotoka kodi moja kwenda nyingine: A inashuka freti moja tu, hatua moja kwenye shingo ya gitaa, inakuwa A-flati. E-flati inashuka freti moja tu, inakuwa D. Basi! Kodi nzima imebadilika na vidole havikuruka popote. Ukienda C7, noti zake ni E na B-flati, yaani D na A-flati zimepanda freti mbili mbili.

Piga noti hizo mbili mbili tu, polepole, mizunguko mingi, bila kuongeza chochote. Kisha acha uzi mmoja, piga noti moja moja: A kwa vipimo vinne, A-flati kwa viwili, rudi A. Utasikia kwamba ile noti moja imekwisha kueleza wimbo unakwenda wapi hata kama hakuna anayekupigia kodi. Ndiyo maana wapiga solo wazuri huonekana kama wanaongea na kodi wakati wenzao wanazikimbilia tu. Ukishaisikia A-flati ile inavyobadilisha hewa ya chumba kwenye kipimo cha tano, hutaweza tena kupiga skeli moja ya bluzi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujishtukia.

Halafu kuna suala la wingi wa noti, na hapa nitakusema kidogo, usikasirike. Nyinyi wapiga solo wa dansi mmezoea kujaza. Sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu, haitaki gitaa linyamaze, na mnafanya vizuri kulijaza, wachezaji wanalitegemea. Kwenye jazi ukijaza kila pengo, mpiga ngoma hana pa kukujibu. Duke Ellington, kiongozi wa bendi na mpiga piano, ana bluzi ya mwaka 1942, "C Jam Blues". Melodia yake yote ni noti mbili: G na C. Mbili! Kinachoifanya iwe wimbo ni mahali zinapoangukia kwenye mapigo. Nataka ujipe adhabu hiyo: chagua noti mbili, kisha tatu, piga mizunguko mizima kwa hizo tu, ukibadilisha mdundo, urefu, nguvu na kimya. Sema kitu kwa vipimo viwili, nyamaza viwili. Utaona aibu mwanzoni kwa sababu vidole vitadai kukimbia. Viache vidai.

Kuhusu mdundo wenyewe, weka metronomu, ile mashine ya kupiga mapigo, lakini usiifanye ipige moja, mbili, tatu, nne. Ifanye ipige kwenye la pili na la nne tu, pale mpiga ngoma wa jazi anapofunga hai-hati, zile sahani mbili za ngoma, kwa mguu. Mapigo mengine uyabebe wewe. Ni kazi, nakuambia, na wengi huikwepa. Na zile noti mbili ndani ya pigo moja usizigawe sawasawa kama askari wa gwaride, ya kwanza iwe ndefu kidogo, ya pili ichelewe. Ni ndefu kiasi gani? Hapo sina maelezo ya kukuandikia. Inategemea kasi, wimbo ukikimbia sana zinakaribia kuwa sawa, na njia pekee ni kupiga pamoja na rekodi mpaka mkono wako ukubaliane na wao.

Ndiyo maana kuiga ni lazima. Clark Terry, mpiga tarumbeta, alikuwa akiwafundisha vijana hatua tatu: iga, kifanye kiwe chako, kisha buni. Watu wengi wanataka kuanzia ya tatu. Chukua solo fupi, hata mzunguko mmoja tu wa Wynton Kelly kwenye wimbo ule, uimbe kwa mdomo mpaka uuimbe pamoja naye bila kukosea pumzi, ndipo uutafute kwenye gitaa kwa masikio yako. Usipakue noti zilizoandikwa na mtu mwingine. Kule kutafuta, kurudisha nyuma, kukosa na kurudisha tena, ndiko kunakofundisha sikio. Karatasi itakupa noti, lakini haitakuambia kwamba ile moja ilipigwa kwa kuchelewa makusudi.

Charlie Parker mwenyewe, mpiga saksofoni, alipita njia hiyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936 huko Kansas City, akiwa kijana ambaye hajafikisha hata miaka 17, alipanda jukwaani kupiga na wakubwa, akapoteana na wimbo, na Jo Jones, mpiga ngoma wa bendi ya Count Basie, akaitupa sahani ya ngoma sakafuni kumfukuza. Watu wanaipenda hiyo hadithi kwa ajili ya ile sahani. Mimi napenda kilichofuata. Mwaka 1937 alikwenda kupiga muziki kwenye hoteli za mapumziko milima ya Ozark, akachukua santuri zenye solo za Lester Young, mpiga saksofoni mwingine, akazikariri. Aliporudi mjini hakuwa yule tena. Miaka michache baadaye, 1945, alirekodi "Now's the Time", bluzi ya F, na melodia yake imejengwa kwa kisehemu kidogo mno kinachorudiwa na kugeuzwa. Mtu mwenye kasi ile, na bado alijua kukaa na noti chache. Jifunze melodia hiyo kabla ya solo yake.

Utasikia watu wakisema Kind of Blue ilirekodiwa karibu bila mazoezi, kwamba Miles alikuja na michoro tu ya skeli na wenzake wakabuni hapo hapo. Ni kweli aliwapa michoro. Wanaosimulia husahau ni nani waliopewa. Coltrane alikuwa mtu wa kufanya mazoezi mchana kutwa. Bill Evans, aliyepiga piano kwenye nyimbo nyingine za albamu hiyo, vivyo hivyo alikuwa ameisaga piano kwa miaka. Nakuambia haya kwa sababu wimbo wa kwanza wa albamu ile, "So What", ndio watakaokushauri uanze nao. Una skeli mbili tu: D dorian kwa vipimo 16, E-flati dorian kwa vipimo 8, kisha D tena kwa 8. Unaonekana rahisi. Mimi nasema usubiri. Kodi zikiwa chache hivyo hakuna kinachokushika mkono. Vipimo 16 vya kodi moja ni uwanja mpana sana kwa mtu asiye na la kusema, na ukifika kwenye ile E-flati umechelewa tayari. Bluzi itakulea vizuri zaidi, kodi zake zinakukumbusha njia.

Tena wewe una kitu ambacho kijana wa New York hana. Umesikia taqsimu tangu utoto. Mpiga udi wa taarabu anapofungua wimbo hana kodi wala mapigo ya kumwongoza, ana maqamu tu, yaani ngazi ya noti na njia zake, na bado anatoka, anazurura, anakaa juu kidogo, anarudi nyumbani na kila mtu anajua amerudi. Hiyo hisia ya kurudi usiitupe.

Bluzi ikikaa mkononi, tutaingia "Autumn Leaves", wimbo wa Joseph Kosma uliotokea Ufaransa ukachukuliwa na wana jazi. Kule kodi zinakwenda kwa mafungu ya tatu tatu, na utashangaa kukuta noti zako za tatu na za saba zinashuka pole pole kama ulivyozizoea. Lakini hiyo ni barua nyingine.

Najua utaniambia nyumba ni ya kupanga na majirani watalalamika. Sonny Rollins alikuwa na shida hiyo hiyo, tena alikuwa na jina kubwa tayari. Mwaka 1959 aliacha kupanda majukwaani, akawa anapeleka saksofoni yake juu ya daraja la Williamsburg pale New York, anapigia huko masaa kwa masaa, hadi 1961. Wewe una gitaa, ukilichomoa kwenye amplifaya halimsumbui mtu. Na pwani yote ya Raskazone iko pale, kisingizio huna.

Basi nifanyie hivi. Wiki ijayo usinitumie solo. Nitumie sauti yako ukiimba besi ya bluzi ya F, mizunguko mitatu, huku unapiga makofi kwenye la pili na la nne. Imba tu, hata kwa sauti mbaya, ya kwangu si nzuri pia. Nikikuta umeongeza kipimo cha 13 nitakupigia simu usiku huo huo. Zile nyuzi ulizoagiza nimezipata Kariakoo, seti mbili, nitampa dereva wa basi la Jumanne asubuhi, kampokee stendi. Hela yake tutaongea.

Msalimie mama, mwambie yale mapera hayakufika hata Chalinze.

Wajina wako