Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: Barua za utafiti zitoke kabla wanafunzi hawajenda skuli

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Assalaam alaykum. Tunajua una shughuli nyingi, na tunajua kuwa mambo ya ndani humalizwa ndani. Haya tumeyasema ndani mpaka tumechoka: vikaoni, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Subira yavuta heri, nasi tumevuta mpaka kamba imetukatikia mkononi.

Kilichotufikisha hapa ni tangazo la juzi ubaoni, kwamba ripoti za utafiti za wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa mwisho ziwasilishwe mwisho wa mwezi huu na visingizio havitapokelewa. Kwa taarifa yako, barua za utambulisho za wengi wao bado zinangoja saini ofisini kwako. Kisingizio ndicho hicho.

Pengine njia yenyewe imesahaulika huko juu. Mwanafunzi haingii skuli na madodoso, yaani karatasi za maswali ya utafiti, kwapani akaanza kugawa. Lazima awe na barua ya chuo kwanza, ndipo aombe kibali cha utafiti, ndipo ende kwa afisa elimu wa wilaya, ndipo afike kwa mwalimu mkuu, ambaye naye ana zamu ya asubuhi, zamu ya mchana na mitihani ya kusimamia. Kila mlango unataka karatasi ya mlango uliotangulia. Aliyepangiwa Micheweni au Mkoani, kule Pemba, ana la ziada: barua husainiwa Unguja, kisha hungoja mtu wa kupanda nayo boti, maana picha ya simu isiyo na muhuri wa wino hurudishwa. Wiki za mazoezi ya kufundisha, zile zile zilizopangwa zitumike kukusanya data, zinakwisha hivi hivi. Mwanafunzi yumo skuli kila siku, anafundisha, anasahihisha madaftari, lakini hana ruhusa ya kumuuliza mtu swali moja la utafiti.

Unajua kinachofuata, Mheshimiwa? Madodoso yanajazwa barazani, na mwanafunzi mwenyewe badala ya watoto. Tunayaona. Karatasi mia na zaidi, kalamu moja, wino mmoja, alama ya vema imelalia upande mmoja kote. Hakuna aliyeruka swali, hakuna aliyetia alama visanduku viwili kisha akafuta kimoja, hakuna mtoto aliyeandika jina la skuli mahali pa umri. Watoto wa kweli hufanya yote hayo. Halafu kuna kauli tunazozigeuza makusudi: ya tatu inasema hisabati inanipendeza, ya tisa inasema hisabati inanichosha, na anayejibu kwa moyo hawezi kuzikubali zote mbili kwa nguvu sawa. Wa barazani anazikubali. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya kauli za dodoso yanavyokwenda pamoja (mwisho wake ni 1), ambayo kwa kawaida tunaridhika ikifika 0.70, ikipanda hadi 0.97 kwa dodoso la kauli kumi hatupigi vigelegele. Tunaomba tuyaone makaratasi yenyewe.

Na hata aliye mwaminifu anaumizwa na haraka hii. Chukua mada wanayoipenda wengi, hisabati ya darasa la tano kwa Kiingereza, utaratibu uliokuja na sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006. Mwanafunzi anapiga hesabu, anapata anahitaji watoto 360. Muda hana, kwa hiyo anachukua madarasa 8 yenye watoto 45 kila moja, karibu na anapokaa. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja na kelele moja, kwa hiyo majibu yao yanafanana. Tukikadiria mfanano huo kuwa 0.2 (0 ni kutofanana, 1 ni kufanana kabisa), kigawo cha kupunguzia idadi ya watoto kinapatikana hivi: 1 + (45 − 1) × 0.2, yaani 9.8. Gawa 360 kwa 9.8. Zile karatasi zote zina uzito wa watoto kama 37 tu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Angechukua watoto 15 katika madarasa 24, kigawo kingeshuka hadi 3.8, na 360 wale wale wangekuwa na uzito wa kama 95. Madodoso hayaongezeki hata moja. Zinazoongezeka ni skuli za kutembelea, na kila skuli inataka barua.

Majaribio ya awali ya dodoso nayo ndiyo ya kwanza kutupwa. Watoto kama 30 katika skuli isiyo ndani ya sampuli, siku moja ya kujaza, siku chache za kurekebisha maswali yasiyoeleweka: kazi ya wiki moja. Wiki hiyo imeliwa na saini.

Kwa nini barua zinakwama, hatuambiwi, kwa hiyo tunakisia. Wengine wanasema ukisafiri hakuna aliyekaimishwa kusaini. Wengine wanasema faili linangoja kamati ya utafiti, na kamati inangoja akidi. Tukumbushe tu kwamba katika kikao cha kufungua mwaka wa masomo ulisema mwenyewe, na wengi tulipiga makofi, kuwa barua itatoka ndani ya siku saba na kwamba Pemba patakuwa na afisa mwenye muhuri. Makofi tulishapiga. Muhuri hatujauona.

Hatuombi fedha za utafiti, ingawa hizo nazo zina habari yake. Hatuombi kompyuta wala warsha ya hotelini. Kamati ipitishe mapendekezo ya utafiti muhula mmoja kabla ya mazoezi ya kufundisha, naibu wako apewe mamlaka ya kusaini, na muhuri wa pili uwekwe Pemba. Kama yote matatu ni mengi, basi hili moja: mwanafunzi asipandishwe gari kwenda skuli bila barua mkononi. Na tarehe ya tangazo la juzi isogezwe mpaka barua zilizo mezani kwako zitoke, leo ikiwezekana, maana skuli zikifunga hatutakuwa na wa kumhoji.

Ni sisi,
Wasimamizi wa tafiti za wanafunzi wa ualimu, Unguja na Pemba