Kuhusu jibu lililo mfukoni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, na sentensi moja haijaniacha tangu hapo: kwamba muumini huiendea sayansi akiwa na jibu mfukoni, ilhali asiyeamini Mungu huiendea mikono mitupu. Nusu ya kwanza ya maneno hayo nakiri inanihusu. Ni ile ya pili iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na la kwangu, nisije nikaonekana nachambua makosa ya wengine huku nikifunika yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuzungumza mbele ya waumini wenzangu, nami nikanukuu maneno ya mwanasayansi mashuhuri aliyedaiwa kukiri, mwishoni mwa maisha yake, kwamba Mungu yupo. Watu walifurahi sana. Nilipokuja kutafuta chanzo cha maneno yale sikukiona popote, nikatambua kwamba niliyapokea bila kuuliza kwa sababu tu yalinipendeza. Nilimnong'oneza aliyenialika; kwa wasikilizaji wenyewe sikurudi kamwe. Laiti yangekuwa maneno ya kuipinga imani yangu, ningekesha nikiyachunguza.

Lakini ugonjwa huo, ndugu yangu, haumuulizi mtu kama anasali au hasali. Mtazame Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaafikiana na ulimwengu unaopanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa vyote vilianzia katika kitu kimoja alichokilinganisha na atomu. Mpinzani wake mkubwa alikuja kuwa Fred Hoyle wa Uingereza, mtu asiyekuwa na dini, aliyetoa mwaka 1948 nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, na ambaye mwaka 1949, akizungumza redioni, ndiye aliyeipa nadharia ya Lemaître jina la Mlipuko Mkuu. Hoyle alikuwa na hoja halali: kwa vipimo vya wakati ule, umri wa ulimwengu ulitoka mdogo kuliko umri wa Dunia yenyewe, kana kwamba mtoto amemtangulia mama yake kuzaliwa. Hata hivyo, hakuficha kwamba habari za mwanzo zilimnukia dini. Vipimo vile vikarekebishwa katika miaka ya 1950. Kisha wakaja wanasayansi wa Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, waliosumbuliwa na mvumo ndani ya antena yao, wakasafisha hata mavi ya njiwa wakidhani ndiyo chanzo, na mvumo ukabaki palepale. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba walichokuwa wakikisikia kinatoka pande zote za anga, na wanafizikia wengi wakakubali kuwa ni masalio ya joto la ule mwanzo. Hoyle hakukubali mpaka alipofariki mwaka 2001, naye ndiye yuleyule aliyetusaidia kuelewa jinsi kaboni ya miili yetu inavyopikwa ndani ya nyota. Akili kubwa kama hiyo!

Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni alichokifanya padri. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba akiieleza sayansi hiyo mpya kana kwamba inatoa ushahidi wa uumbaji. Mimi ningepiga makofi, unanijua. Lemaître alisononeka, akafanya juhudi ili kauli ya namna ile isirudiwe, kwa kuwa aliiona nadharia yake kuwa suala la fizikia tu, ambalo anayeamini na asiyeamini wanaweza kulipima kwa kipimo kimoja. Alikuwa amepewa na mkuu wa kanisa lake jibu alilolipenda, akalikataa kwa sababu ushahidi haukulifikisha huko.

Nawe huna haja ya kunikumbusha Galileo na hukumu ya mwaka 1633, pale mahakama ya Kanisa ilipomtia hatiani kwa kutetea kwamba Dunia hulizunguka Jua. Naikubali bila kujitetea. Ila iweke kando ya habari ya mtawa Gregor Mendel, aliyefanya kazi katika bustani ya monasteri ya Brno tangu 1856 hadi 1863. Alilifungua ua la njegere kabla halijakomaa, akanyofoa stameni, yaani sehemu zake za kiume, moja moja kwa kibanio, akalipaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunga kwa kifuko ili mdudu asiliguse. Baada ya hapo, katika kizazi cha pili, akahesabu: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Sayansi ya urithi iliyochipuka hapo ilipigwa marufuku mwaka 1948 na Muungano wa Kisovyeti, dola iliyoueneza ukanaji Mungu kama sera, kwa sababu Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeungwa mkono na Stalin, aliahidi mavuno yaliyopendeza itikadi. Nikolai Vavilov, mwanasayansi wa urithi aliyempinga Lysenko na aliyezunguka mabara akikusanya mbegu za mazao, alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Sisemi kwamba kutoamini ndiko kulikomuua, kama ambavyo sitaki useme kwamba kusali ndiko kulikomfunga Galileo. Katika visa vyote viwili nauona mkono wa wakubwa waliohitaji jibu fulani liwe kweli.

Na pale jibu lisipohitajika mapema, watu hukutana. Wanafizikia Abdus Salam, Mwislamu aliyeishika dini yake, na Steven Weinberg, asiyeamini na asiyeficha hilo, kila mmoja kwa njia yake walifikia nadharia ileile inayounganisha sumaku-umeme na nguvu hafifu ya kiini cha atomu, wakagawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow.

Kwa hiyo nakuomba tufanye jaribio. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne, ambayo nimeandika mambo matatu ninayoyaamini na, chini ya kila moja, ushahidi ambao ungenilazimisha niliache. La tatu limenichukua siku mbili, na bado limefutwafutwa. Tafadhali usiikunjue kabla hujaandika ya kwako.

Wako daima,
Rafiki yako