Kayaki Imeshaonja Maji

Pumwani, Nairobi
Jumatatu usiku

Sahibu yangu Baba Salma,

Assalam alaykum. Natumai u mzima wewe, mama Salma na watoto, na kwamba baridi ya Naivasha haijawazidi. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza ule mkeka wake utarudi lini.

Najua umenikasirikia. Ijumaa ulipiga simu mara tatu kuniambia ziwa limetulia kama mafuta bakulini, nami nikakujibu siji. Nilikuwa ndani ya matatu, kelele tupu, na jambo lenyewe halielezeki kwa dakika mbili. Leo nimepata utulivu, watoto wamelala, basi nisikilize mpaka mwisho.

Kayaki yetu, ule mtumbwi wa plastiki wa kuvulia samaki, ilifika Jumanne na lori la mizigo. Ni nzuri, wallahi. Ni ya kijani, ndefu kuliko chumba changu, ikabidi tuiegemeze kwenye veranda na omo, yaani ncha ya mbele, itokeze kwa jirani. Ubavuni imeandikwa uzito wake kilo 30 na mzigo wake kilo 150. Unakumbuka yule aliyetuuzia alivyotuapia sote wawili? Alisema hii haizami hata ukiijaza maji. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: umewahi kuijaza?

Nikakaa na kalamu. Hii plastiki ni polithini, nyepesi kuliko maji kwa kiasi kidogo sana. Lita moja ya maji ni kilo 1. Lita moja ya plastiki hii ni kama gramu 950. Kwa hiyo kilo 30 za plastiki zinachukua nafasi ya maji kama lita 31 na nusu. Maana yake kayaki ikijaa maji mpaka pomoni, nguvu ya kuelea inayobaki ni ya kilo moja na nusu tu. Nanga yetu peke yake ina uzito huo. Kinachotubeba ni hewa iliyo tumboni mwake, na hewa hiyo ikipata njia ya kutoka, tumebaki na gamba. Wazee wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende nyuma au mbele ya chombo, mwisho utarudi tumboni mwake. Basi nikaanzia huko huko ngamani.

Jumatano usiku tulizima taa zote, nikaingiza tochi inayowaka ndani kupitia mlango wa kuwekea mizigo, nikafunika, kisha nikaizunguka polepole gizani. Pale nyuma, upande wa kushoto, chini ya kishikio cha ufito wa kuvulia, nikaona kinukta cha mwanga. Kidogo mno, ungedhani ni kumetameta kwa plastiki yenyewe. Nikachanganya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo, nikapaka pale, halafu nikapuliza kwa mdomo kupitia mpira kwenye tundu la kizibo. Povu likatokea ukubwa wa punje ya mtama, likavimba likawa kama jicho la kuku, likapasuka. Likatokea jingine. (Upulize kwa mdomo tu. Kijana mmoja wa gereji alitaka kuniletea kompresa, nikamkataza; upepo wa kompresa unaweza kupasua chombo kizima.)

Kumbe aliyefunga kile kishikio alipigilia skrubu moja kwa moja kwenye plastiki bila chochote cha kuzuia maji. Nilijaribu gundi kwanza. Kesho yake niliibandua kwa ukucha kama ganda la yai, maana plastiki hii haishiki gundi za kawaida. Nikaenda Kamukunji kwa fundi mmoja wa jua kali, akakata washa mbili, yaani viduara vya mpira, kutoka tyubu ya baiskeli, tukatoa ile skrubu na kutia bolti yenye nati kwa ndani, mpira juu na mpira chini. Nikapaka sabuni tena, nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Kimya. Nikakagua kila skrubu iliyobaki kwa njia hiyo hiyo.

Hiyo Ijumaa uliyokuwa ukinipigia, nilikuwa naelekea kwenye bwawa la kuogelea la shule moja huku Eastleigh. Msimamizi wake tunasali naye, akanikubalia niijaribu kayaki humo baada ya watoto kuondoka, kwa sharti niisafishe kwanza na yeye mwenyewe asimame pembeni na boya lake. Tulikuwa tumeisukuma kwa mkokoteni mapema kando ya barabara ya General Waruinge, na watu wakauliza kama mto wa Nairobi umeanza kuvuliwa.

Tukaiteremsha upande wa kina kifupi. Nilipokaa peke yangu ilikuwa imara, raha tupu. Tukaongeza mfuko wa mchanga wa kilo 20 kule nyuma, badala ya nanga, kisanduku cha barafu na vifaa. Maji yakapanda kupitia yale matundu ya kutolea maji, yakanilowesha makalio. Hilo usilihofie, ndivyo yalivyoundwa: mzigo ukizidi, kiti kinashuka karibu na usawa wa maji na maji huchungulia. Ila ni dalili nzuri ya kuangalia, kwa sababu yakifika kwenye mapaja umeshapita kiasi.

Kisha tukafanya lile nililoliogopa. Nikiwa nimekaa, msimamizi akaanza kumimina maji tumboni mwa kayaki kwa ndoo ya lita 20. Ndoo ya kwanza sikusikia kitu. Ya pili, nikaanza kuhisi chombo kinachelewa kurudi kila nilipoegemea. Ya tatu, nikageuza kichwa tu kumwambia jambo, na maji yote ya ndani yakakimbilia upande mmoja kwa pamoja, kama watu wanaokimbilia dirisha moja la basi. Kayaki ikanitupa. Sikuwa nimeegemea, sahibu. Nimegeuza kichwa tu. Mlango ulikuwa wazi, maji ya bwawa yakaingia, tezi ikashuka na mchanga wake mpaka ikagusa sakafu, na omo ikabaki imechungulia juu kama pua ya kiboko.

Nilisimama pale, maji kifuani, nikiitazama, nikakuona wewe katikati ya ziwa. Wewe ambaye kuogelea kwako ni kule kwa utotoni, mikono ya kwanza miwili mitatu halafu unatafuta ukingo. Moyo uliniuma kweli.

Siku ya pili nikatafuta cha kujaza tumboni. Fundi wa magodoro kule Gikomba alinipa vipande vya sponji bure, akanihakikishia vinaelea. Nilichukua kimoja chenye ukubwa wa mkate, nikakiweka ndani ya beseni la maji, nikakilaza na jiwe juu yake. Asubuhi nilipokiinua kilikuwa kizito kama mtoto aliyelala. Nilikikamua, maji yakatoka na kutoka. Sponji ya godoro hunywa. Tungeijaza kayaki kitu ambacho siku ya shida kingegeuka farumi, mzigo wa kuizamisha.

Basi tukageukia chupa za soda. Watoto wa mtaani walinikusanyia chupa 24 za lita 2, nzima, zenye vifuniko vyake. Nilizibinya moja moja ndani ya ndoo ya maji kuona kama zinatoa mapovu, na tatu nikazitupa nikatafuta nyingine. Kila chupa inabeba karibu kilo 2, kwa hiyo zote pamoja ni karibu kilo 48. Moja ikivuja, bado zipo 23. Nimezitia kwenye vipande vya wavu mzee, nusu omoni na nusu tezini, kulia na kushoto sawa, na nimezifunga kwa kamba ili zisihame. Zikikaa upande mmoja zitatugeuza sisi wenyewe.

Jana Jumapili tumerudi bwawani. Tumeijaza maji mpaka yakamwagika mlangoni, mchanga ukiwa palepale nyuma. Haikushuka. Ililala usawa, mgongo wake umetoka kidogo juu ya maji, nami nikaning'inia ubavuni na jaketi langu la kuokoa maisha, nikahesabu dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Huwezi kuipiga kafi ikiwa hivyo, wala kukaa juu yake. Lakini imegeuka boya kubwa la kijani ambalo mtu anaweza kulishika mpaka aje wa kumsaidia, na boti ya waokoaji italiona kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu.

Kupanda tena baada ya kupinduka ndiko kulikonitoa jasho. Ikiwa juu chini, unapitisha mikono juu ya mgongo wake, unashika mkono wa kubebea wa upande wa pili, unapiga goti ubavuni na kujivuta kwa nyuma ili uzito wako uigeuze. Hilo nililiweza upesi. Kupanda nilishindwa mara tano. Nilikuwa najivuta kwa mikono kama anayepanda ukuta, miguu inaingia chini ya kayaki, nayo inanipindukia. Msimamizi akanifundisha: kwanza lala juu ya maji, piga miguu mpaka mwili wote unyooke, halafu jisukume kama samaki mpaka tumbo likae katikati. Tulia hapo. Pumua. Ndipo ugeuze makalio yakae kitini, na miguu iingie mwisho. Mara ya sita nikapanda, na baada ya hapo nikarudia mara nane, mbili kati ya hizo nikiwa nimevaa suruali na shati, kama tutakavyokuwa ziwani. Na wewe utafanya hivyo hivyo, maji yakiwa kiunoni, kabla hatujashika ndoana yoyote. Hilo sikuombi, nakuambia.

Lile jaketi langu la zamani nimelistaafisha. Nilipoingia nalo majini, mwili ulibaki chini na jaketi likapanda masikioni. Nimenunua lenye kipimo cha newtoni 50, yaani nguvu ya kuinua kama kilo 5, ambayo inamtosha mtu anayejua kuogelea kidogo na aliye karibu na msaada, kwa sababu mwili wenyewe majini una uzito mdogo tu. Ukilivaa na kufunga mikanda yote, mtu akuinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipita kidevu, halikufai. Filimbi nimeifunga kifuani, na kisu kidogo pembeni, maana ukipinduka na mishipi na ndoana zako ndipo unapotambua ni nyuzi ngapi zilizokuzunguka.

Sasa lile ambalo huenda likakuudhi. Ulisema Salma atakaa mbele yako. Hapana, ndugu yangu. Zile kilo 150 ni za mwisho kabisa. Nimeamua kila anayepanda, pamoja na vifaa vyake, asipite 105, na mimi nina 84, wewe hunipiti mbali. Ukitia vifaa, hesabu imekwisha. Tulikuwa wadogo feri ya Mtongwe kule Mombasa ilipozama, Aprili 1994, watu 272 wakafa, na ilikuwa imebeba kupita kiasi chake. Nakumbuka redio kwa marehemu babu yako, na nyumba nzima kimya. Salma tutamtafutia siku yake, kwenye boti kubwa, na jaketi la saizi yake.

Bwawa halina upepo wala mawimbi, hilo nalijua, na wewe ndiwe unayelijua ziwa. Wewe ndiye uliyeniambia upepo huamka baada ya adhuhuri. Basi tuingie alfajiri na saa nne tuwe tumetoka. Tusiende karibu na mafunjo ambako viboko hujificha, wala kwenye ile migunga iliyokufa baada ya maji kupanda, kwani chini yake kuna nguzo na nyaya za uzio zilizozamishwa. Nanga tutaifungia tezini au omoni, kamwe si ubavuni, kwa fundo la kuvuta mara moja likaachia. Na waulize wale wavuvi wenye leseni ulionitajia ni wapi tunaruhusiwa kuvua, tusije tukavunja sheria kwa kutojua.

Inshallah nakuja Jumamosi na basi la kwanza, kayaki itatangulia na lori Ijumaa. Tafadhali iwekee kivuli, jua lisipashe zile chupa bure. Na nitumie kipimo cha kifua chako, kilichopimwa juu ya sweta, pamoja na uzito wako wa kweli, kabla ya Alhamisi, kwani Alhamisi ndiyo nakwenda kukununulia jaketi lako.

Ni mimi ndugu yako wa Pumwani,
Baba Rehema