Barua kwa shoga yangu: Nimeamua kimoja

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, na watoto wa dadako uniamkulie. Ujumbe wako wa viinitete vyetu, yale mayai yaliyorutubishwa maabara ili niwekewe tumboni, nimeupata: "Weka vyote viwili umalize kazi." Umesema neno moja na mavyaa. Yeye hata majina keshachagua, Hassan na Hussein.

Basi sikiliza. Mimi na Salim tumeamua kimoja. Viinitete vyetu viwili vilikua maabara hadi siku ya 5 vizuri, vikagandishwa kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sufuri. Watayeyusha kimoja, kingine kibaki.

Najua utasema pesa. Salim naye alipiga hesabu hiyo hiyo nyuma ya risiti ya dawa, maana kurudi mara ya pili ni kulipa tena. Daktari hakutuficha: ukiweka viwili, nafasi ya kushika mimba mara hiyo inapanda. Lakini ukiweka kimoja, kikikataa ukaweka cha pili, mwisho wa yote nafasi inakaribia kuwa ile ile, na pacha ni nadra.

Na pacha ndio wanaonitisha. Zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37, na mama naye huandamwa zaidi na presha ya mimba. Kwetu presha ni ya ukoo, wajua. Halafu wifi yangu alipojifungua njiti, nilikuwa naye wodini. Anakamua maziwa, nesi anayavuta kwa sirinji, mililita mbili tu, yanapita kwenye kimpira cha puani. Yeye mkono kautia kwenye tundu la inkubeta, kidole kimoja ndicho kinachomgusa mwana. Bili inahesabiwa kwa siku. Salim alipokumbuka ile bili, risiti yake aliikunja akaitupa.

Hata hicho kimoja chaweza kugawanyika chenyewe, ingawa ni mara chache. Hapo mavyaa atapata Hassan na Hussein wake bila ya kuniuliza!

Lakini wewe usinifuate. Mimi nina miaka 32, wewe umevuka 40. Daktari wako akikwambia viwili, ana sababu yake. Muulize tu, tena umuulize na habari ya presha.

Jumanne ndiyo siku yenyewe. Wanataka niende kibofu kimejaa, altrasaundi ionyeshe vizuri. Nifikirie kwenye foleni ya daraja la Nyali, mkojo umenibana! Mavyaa hajaambiwa siku. Akikupigia, hujui kitu.

Wako,
Rukia